Habari Moja Uliyoiruka

3 Februari

Shangazi,

Shikamoo. Naomba radhi kwa kimya cha miezi mitano. Sina kisingizio ambacho hungekifuta kwa kalamu yako nyekundu, kwa hiyo sitakiandika. Barua zako mbili nilizipata, nikazisoma, nikaziweka mahali pazuri, na mahali pazuri ndipo vitu husahaulika.

Sisi hatujambo. Mke wangu amerudi kazini kwenye duka la dawa. Mtoto ametimiza miaka miwili na anasema "siyo" kwa kila kitu, hata akipewa anachokitaka. Mama yake anadai amekurithi wewe. Nilimwambia asithubutu kukuandikia hilo, na sasa nimeliandika mimi.

Kazini nimehamishwa. Niko idara ya chaneli, kazi yangu ni kutunza orodha: chaneli ipi iko namba ngapi kwenye kisimbuzi, mkataba wake unaisha lini, nani apigiwe simu picha ikikatika. Chumba chetu kiko ghorofa ya tatu, hakina dirisha, kina skrini arobaini ukutani na zote hazina sauti. Unakaa humo kutwa ukiona vinywa vinasema na husikii neno. Mwanzoni nilikuwa naumwa kichwa. Siku hizi siumwi.

Sasa jambo lenyewe. Wiki hii kituo chenu kitapata barua yetu. Tumewabeba kwenye dishi bure kwa miaka kumi na mmoja. Sasa wakubwa wanataka kila kituo cha nyumbani kilipe ada ya kubebwa, na kisicholipa kitaondolewa. Nilitaka ulisikie kwangu kwanza. Tumekatazwa kuwapigia simu watu wa vituo mpaka mazungumzo yaishe, na simu niliyo nayo ni ya kampuni. Barua hawakuikataza. Nadhani walisahau kwamba bado ipo.

Baba nisalimie. Mwambie namtumia rimoti mpya, yenye namba kubwa.

Mwana wa kaka yako.

20 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako imechukua siku kumi na moja, ambazo ni chache kuliko miezi mitano. Radhi umepata.

Unalijua sharti langu: habari za nyumbani kwanza, zote. Barua inayoanza na shida ni hati ya madai.

Baba yako mzima. Sikio la kushoto limekufa kabisa, la kulia linachagua la kusikia. Bado anashona. Juzi alimpunguzia jirani suruali, mguu mmoja akaupunguza mara mbili, wa pili akausahau. Jirani akarudi nayo mkononi: "Fundi, na huu mguu mwingine je?" Baba yako akamtazama juu ya miwani. "Huo haukuwa na kosa."

Paa la jikoni limezibwa. Mlimau tumeukata, mizizi ilikuwa imefika kwenye bomba la maji. Mtambo wetu wa kurushia matangazo, ule wa kwenye mnara wa kilimani, uliungua kwa radi mwishoni mwa mwezi uliopita, na Fundi Waya anasema haufai tena, ingawa watu tumewatangazia kwamba ni matengenezo ya wiki chache. Kwa hiyo antena ya baba yako imebaki pambo la paa, na anatutazama kwa dishi ulilomnunulia. Alinuna siku tatu. Eti antena yake imekaa miaka ishirini na haijawahi kumwomba kadi. Sasa amezoea. Saa moja jioni anakaa, na hainuki mpaka habari ziishe na jina langu lipite chini ya skrini, mhariri mkuu. Likishapita husema, "Limepita," ndipo aende kula. Jirani aliyekaa naye ndiye aliyenisimulia. Mimi saa hiyo huwa kazini.

Ama kuhusu ada yenu. Barua imefika, ina kurasa nne, ingetosha moja. Ninyi mnauza kifurushi, na ndani ya kifurushi tumo sisi. Mteja anawalipa ninyi. Kisha mnatugeukia mnasema tuwalipe kwa kuwa mmetuuza. Mtu akichukua machungwa yako akayauza sokoni, hakudai nauli ya kikapu. Bodi yetu imekataa, na imewajibu kwamba anayestahili kulipwa ni sisi.

Haya usiyajibu. Wewe una kazi yako. Nimekuandikia ili usije ukasema sikukuambia.

Shangazi yako.

18 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Barua yako nimeipata tarehe mbili.

Pole kwa sikio la Baba. Suruali ya jirani imetuchekesha hapa, mke wangu ameisimulia dukani na sasa wateja wanamwuliza habari za fundi. Nafurahi paa limezibwa. Mlimau nimeusikitikia, nilikuwa nimeuandika jina langu kwa msumari, sijui kama uliwahi kuliona. Kuhusu kadi, mwambie Baba asihangaike, inalipwa huku huku kila mwezi. Rimoti imepelekwa posta.

Mtoto alikuwa na kikohozi, amepona.

Tumekuwa na kikao kimoja kuhusu vituo vya nyumbani. Kilikuwa kirefu.

Sina zaidi.

Mwana wa kaka yako.

2 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Baba yako hajambo. Rimoti imefika, anaishika kwa mikono miwili kama bakuli la uji wa moto. Jina lako kwenye mlimau nililiona siku uliyoliandika. Herufi ya pili ilikuwa imegeuka, nikaona nikuache.

Jumapili saa tano asubuhi mlituondoa. Nilikuwa chumba cha habari, Fundi Waya akaja akasimama mlangoni, koti begani.

"Mama Mhariri, tumezimwa."

"Tumezimika au tumezimwa?"

"Tumezimwa."

Nilikwenda kutazama. Skrini ya buluu, na maandishi: "Chaneli hii haipatikani kwa sasa. Tunaomba radhi kwa usumbufu utakaokupata." Matangazo ya kampuni yenu nimeyasoma miaka yote hii, na hayajawahi kuwa na sentensi iliyokamilika. Hizi mbili zilikuwa na kila kitu mahali pake. Nilijua ni mkono wa nani.

Jioni nilikuwa nyumbani, kwa mara ya kwanza saa hiyo tangu sijui lini. Baba yako alikaa kama kawaida. Nikamwambia, "Kaka, leo hakuna." Akasema, "Naona. Kuna buluu." Akaitazama ile buluu nusu saa kamili, muda wa habari. Kisha akaniuliza, "Limepita?" Nikasema limepita. Akaenda kula.

Mlitupa notisi ya siku tisa. Hakuna aliyeitegemea. Kwa hesabu ya kila mtu, msingethubutu kutukata, kwa sababu mnara ungerudi, watu wangepanda kwenye mapaa yao kugeuza antena, na visimbuzi vyenu vingekaa kabatini. Anayekata namna hii ni anayejua kwamba hakuna antena ya kugeuza. Kuungua kwa mtambo kulijulikana na watu sita wa kituo, na tume ya utangazaji ambayo tuliiarifu kwa siri kama kanuni inavyotaka. Bodi inatafuta aliyeitoa siri hiyo mdomoni. Nami nimeketi katika vikao hivyo nikiandika kumbukumbu.

Katika barua yako umejibu kila habari niliyokupa, isipokuwa moja. Ipo methali ihusuyo nguo na kinachokula humo ndani. Unaijua. Sitaiandika.

Shangazi yako.

11 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Barua hii nimeianza mara nne.

Mke wangu hajambo. Mtoto hajambo. Ameacha kusema "siyo", sasa anasema "ngoja".

Maneno ya kwenye skrini niliyaandika mimi, ni kweli. Karatasi waliyonipa ilikuwa na makosa matatu. Niliyarekebisha, nikahesabu herufi zisizidi nafasi, nikabonyeza. Skrini moja kati ya arobaini ikawa ya buluu. Ilikuwa karibu na saa sita, nikaenda kula. Nilikula nikamaliza. Nakuandikia hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Nilingoja nisikie kitu na sikusikia.

Ile skrini bado iko ukutani mbele yangu. Mwenzangu alishauri tuipe chaneli nyingine. Nikamwambia ngoja.

Kuhusu habari ile, sina la kukuandikia leo.

Mwambie Baba kadi nimeilipia, hata kama.

Mwana wa kaka yako.

25 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Habari za nyumbani: baba yako amepungua kidogo, lakini anakula. Bado anakaa saa moja jioni. Jirani alimwambia abadilishe, ziko chaneli mia huko ndani. Akamjibu, "Nami nina majirani kumi, mbona sendi kuwatembelea wote?"

Kituoni watangaza biashara wameondoka mmoja baada ya mwingine, kwa adabu. Mtu hatangazi sabuni ndani ya buluu. Wiki iliyopita bodi ikapunguza watu. Barua za kuwaachisha kazi ziliandikwa na ofisi ya utumishi, zikaletwa kwangu nizipitie kabla hazijatiwa sahihi, maana hilo ndilo linalofanywa na kila karatasi inayotoka katika jengo letu. Zilikuwa kumi na tisa. Walikuwa wameandika "tunasikitika" mara tatu katika aya moja. Nikafuta mbili. Nikapanga tarehe. Kazi ilinichukua asubuhi nzima na niliifanya vizuri.

Fundi Waya alikuja na yake mkononi. Akaiweka mezani pangu.

"Mama Mhariri. Miaka ishirini na sita nimepanda kilima kile kwa ajili ya maneno yako. Na leo unanitilia mkato?"

"Mkato wao ulikuwa mahali pabaya," nikamwambia.

Akacheka, mwanangu. Akacheka mpaka akaegemea kabati. Kisha akaniachia funguo za mnara, akaenda.

Nimebaki katika chumba chenye meza kumi na moja na viti vinne. Viti vingine vimeuzwa. Taa zinawaka upande mmoja tu. Bado natengeneza habari za saa moja kila siku, zinasomwa, kamera inawashwa, na haziendi popote. Bodi inataka tuonekane tupo kazini siku ya shauri.

Shauri ni tarehe kumi na sita Julai, mbele ya tume. Kanuni ni fupi. Kampuni ikijua kwamba kituo cha nyumbani hakina njia nyingine ya kuwafikia watu, haina ruhusa ya kukiondoa bila kibali cha tume. Ikikiondoa kwa kujua, itakirudisha na kukibeba bure mpaka mnara usimame. Ikiwa haikujua, haina hatia, na sisi tutafunga milango kabla mwaka haujaisha. Mwenyekiti wetu ameuliza wakili, "Tutathibitishaje walichokijua?" Wakili akasema anataka karatasi au shahidi.

Nakala ya maelezo ya kampuni yenu imetufikia. Aya ya saba inasema: "Wakati wa kuiondoa chaneli, Kampuni iliamini kwamba mnara ulikuwa katika matengenezo ya muda." Haina kosa la lugha.

Barua yangu ya tarehe ishirini Februari sina nakala yake. Wala sikuombi unirudishie.

Shangazi yako.

14 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Nakiuka sharti lako, habari za nyumbani nitaziweka mwisho. Nikianza nazo nitaishia nazo.

Kikao kilikuwa tarehe kumi na moja Machi. Tulikuwa saba. Mkurugenzi wetu ni yule tunayemwita Bwana Muhtasari, kwa kuwa hasomi karatasi inayozidi ukurasa mmoja. Ukimletea mbili anasoma wa pili. Mbele ya kila mtu kulikuwa na karatasi ya vituo vya nyumbani. Chenu kilikuwa cha nne. Akasoma kwa sauti: "Kituo hiki kina mnara wake. Uko kwenye matengenezo, utarudi kabla ya mwisho wa mwezi. Kwa hiyo tusikiguse, tuzungumze nacho polepole." Akageuza uso kuangalia cha tano. Ilikuwa imekwisha, Shangazi. Mlikuwa mmepita.

Nikasema, "Siyo sahihi."

Akasema, "Nini siyo sahihi?"

Nikasema, "Mnara hautarudi. Mtambo umeungua, haufai tena."

Akaniuliza nimejuaje, nikasema najua. Akachukua kalamu, akafuta mstari, akaandika mwingine. Hakuna aliyenilazimisha. Sikutaka cheo, na sikupewa. Wala sikuwa na chuki na kituo kilichonisomesha, maana ada zangu za shule zilitoka kwenye mshahara wako na mshahara wako ulitoka huko.

Nimetafuta miezi mitatu sababu iliyonifanya niseme, na sababu ni ndogo hata naona haya kuiandika. Lile lililosomwa lilikuwa na kosa, nami nilikuwa najua lililo sahihi. Nikiwa na miaka minane ulinisomea gazeti mezani, ukaweka makusudi jambo lisilo kweli, ukaningoja. Nikinyamaza, sikupewa chai mpaka nilipoligundua. Ulikuwa ukisema: "Kosa likipita mbele yako ukanyamaza, limekuwa lako." Siku ile sikuwaza kituo, wala wewe, wala Baba na antena yake. Nilisahihisha tu. Mdomo ulitangulia, na nilipofika mwenyewe nilikuta limekwisha kusemwa.

Sikulaumu. Nakueleza mahali lilipotoka.

Sasa Bwana Muhtasari anataka mtu wa idara ya chaneli aweke sahihi chini ya maelezo ya kampuni na kuyathibitisha kwa mdomo mbele ya tume. Mtu huyo ni mimi. Karatasi ya kikao kile haionekani tena kwenye faili. Aliniita ofisini, akafunga mlango.

"Wewe ni mtu wa maneno machache, ndiyo maana nimekuchagua."

"Siku ile sikuwa na machache."

"Siku ipi?" akaniuliza. Akanitazama kwa upole kabisa. "Nyumba mnayokaa ni ya kampuni, siyo? Mtoto ana nafasi ya kuchezea?"

Nikasema anayo.

Na kuna jambo jingine. Nikisema nilijua, wataniuliza nilijuaje, na jibu lina mwandiko wako. Bodi yenu itampata inayemtafuta. Kwa hiyo hata nikitaka kusema, sioni njia isiyopita juu yako.

Mke wangu hajambo. Mtoto ameota jino la mwisho.

Mwana wa kaka yako.

27 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Nimeisoma barua yako mara moja. Kwa kawaida husoma mara mbili.

Habari za nyumbani ni hizi. Jumatatu nilikwenda kwa mwenyekiti wa bodi kabla ya kikao. Nilimwambia kwamba habari ya mtambo ilitoka mkononi mwangu, katika barua ya kifamilia, baina ya paa la jikoni na antena ya kaka yangu, na kwamba nilipoiandika sikuiona kuwa siri, niliiona kuwa habari ya nyumbani. Akaniuliza barua ilikwenda kwa nani. Nikasema kwa jamaa. Akaniuliza jamaa yupi. Nikamwambia, "Mwenyekiti, mimi nimekuja kukiri langu, sikuja kukusanya ya wengine." Kisha akasema, "Miezi mitatu umetuandikia kumbukumbu za kumtafuta mtu, na mtu ni wewe." Nikasema ndivyo, na kumbukumbu ni sahihi.

Nimesimamishwa. Sanduku langu lina kamusi, miwani ya akiba, kikombe na funguo za mnara ambazo hakuna aliyezitaka.

Kwa hiyo usiniweke mimi katika hesabu zako. Ile njia uliyosema inapita juu yangu imekwisha kupita. Nakuandikia hilo ili lisikusaidie wala lisikuzuie.

Sitakuambia la kufanya. Una mke, una mtoto, nyumba si yako. Nikikuambia sema, nitakuwa nimekusemea. Nikikuambia nyamaza, nitakuwa nimeyafuta mambo yote niliyokufundisha, na sina umri wa kuanza upya. Nilikufundisha kusahihisha. Sikukufundisha lini. Nilidhani mtu hulijua mwenyewe.

Hiyo chai niliyokunyima, nilikuwa nikiimwaga. Mimi pia sikuinywa.

Habari ya mwisho. Jana saa moja jioni nilikaa na baba yako mbele ya buluu. Muda wa habari ulipokwisha akaniuliza kama aniulizavyo kila usiku nirudipo kazini, "Limepita?" Nikamwambia, "Kaka, halikupita. Halijapita tangu Machi. Nilikudanganya." Nilisema kwa sauti, upande wa sikio zima, ili nisirudie.

"Najua," akasema. "Sikio limekufa, macho yapo."

"Sasa mbona ulikuwa unaniuliza kila siku?"

"Nilikuwa nakungoja."

Akainuka akaenda kula. Nami nikabaki pale kidogo.

Shangazi yako.

8 Julai

Shangazi,

Shikamoo. Habari za nyumbani.

Mke wangu hajambo. Nilimsomea barua yako yote jikoni, akiwa anaosha vyombo. Akamaliza sahani ya mwisho. Akajifuta mikono, akasema, "Wewe uliwasahihisha bila kuulizwa. Sasa unaulizwa, na umekuwa bubu." Nikamwambia, "Tukitoka hapa tutakwenda wapi?" Akasema, "Sijui. Lakini nimeuliza bei ya maboksi, dukani kwetu yanatolewa bure." Sijui kama alikuwa anatania. Sikumwuliza.

Mtoto anamwita kila mzee anayemwona "Babu". Wiki iliyopita alimwita hivyo Bwana Muhtasari, tulipokutana naye kwenye ngazi. Akafurahi, akampa kalamu yake.

Kalamu hiyo ninayo hapa mezani. Na maelezo ya kampuni ninayo, yameletwa asubuhi, kurasa tatu, nafasi ya sahihi yangu imewekewa alama ya msalaba. Yanatakiwa kabla ya tarehe kumi na sita. Nimeyapitia yote kama ulivyonifundisha, kutoka mwisho kwenda mwanzo, ili maana isinizuie kuona makosa. Sikuona kosa lolote mpaka aya ya saba. Nimeipigia mstari kwa penseli. Mstari wenyewe ni mwembamba, unafutika. Zaidi ya hapo sijafanya kitu.

Skrini ya buluu iko mbele yangu ninapoandika. Leo nimegundua kwamba si buluu tupu. Ukiitazama kwa muda kama anavyofanya Baba, katikati kuna kivuli cha picha ya zamani kilichoganda kwenye kioo, mstari wa chini ambapo majina hupita. Hayasomeki. Nilisimama, nikasogea, nikajaribu.

Bado sisikii kitu, Shangazi. Nimengoja nisikie ndipo niamue. Sasa naanza kudhani nitalazimika kuamua hivi hivi.

Msalimie Baba. Mwambie asikae sana, au akae, apendavyo.

Nikishaamua nitakuandikia siku ile ile. Habari za nyumbani nitaziweka mwanzo, na safari hii sitaruka hata moja.

Mwana wa kaka yako.